Siku Niliyomruka Nestori

Nilipokuwa na miaka tisa niliinua mguu mlangoni mwa jiko letu, na mpaka leo sijui niliutua upande gani. Ni swali dogo. Tangu wakati ule nimesoma vitabu vingi, nimeishi na watu wa kila namna, nimelifikiria nikiwa nimetulia na nikiwa na hasira, na halijawahi kunipa jibu. Chini ya mguu ule alikuwepo mdogo wangu Nestori, mtoto wa miezi minane, aliyekuwa amejua kutambaa wiki ileile.

Kilichonirudisha huko ni jambo nililoliona juzi hapa nyumbani kwangu Kibondo. Mwanangu wa mwisho ameanza kutambaa. Sakafu yetu ni ya saruji, tunapikia gesi, na hatari zake si zile nilizozijua mimi: anatafuna waya wa chaja, anavuta kitambaa cha meza pamoja na vyote vilivyo juu yake. Binti anayetusaidia kumlea, mtoto wa watu kutoka Titye, alikuwa akifagia sebule. Mtoto akampitia miguuni, naye akamruka bila kukusudia. Alisimama. Akatazama kulia na kushoto, asinione, kisha akainua mguu uleule akamruka tena kurudi alikotoka, akaendelea kufagia. Mimi nilibaki nyuma ya pazia kana kwamba ni mimi niliyefumaniwa.

Kwa watu wetu mtoto harukwi. Ukipitisha mguu juu ya mtoto aliyelala au aliyekaa chini, umemfunga. Atabaki alivyo, hatarefuka, na kama hajaanza kutembea basi hatatembea. Dawa ni moja tu. Unarudi palepale ulipopitia, unamruka tena kinyume, na hapo umefungua ulichofunga. Imani hii ilianzia wapi sijui. Nimeikuta hata kwa watu wa mbali ambao Kasulu hawawezi kukuonyesha kwenye ramani. Lakini bibi yangu mzaa mama, aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana na kuzeekea Munanila, alikuwa na nyongeza yake. "Urudi kabla hajasogea," alikuwa akituambia. "Akishasogea, pale ulipomfungia hutapaona tena."

Ukitaka kujua uzito wa maneno hayo, jaribu kumlea mtoto anayetambaa.

Mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa Nestori. Baba alikuwa akiuza maharage Kasulu mjini na kurudi Jumamosi, mama alikuwa akishinda shambani, na shule ilikuwa imefungwa. Kabla hajatambaa, Nestori alikuwa mzigo mtamu: nilimweka kwenye mkeka, nikaenda kuchota maji, nikarudi nikamkuta. Siku alipogundua magoti yake, nyumba yote ikageuka. Vitu ambavyo sikuwahi kuviona vikaanza kunitazama: kisu kilichochomekwa ukutani kwa chini, majivu yanayoonekana yamepoa na hayajapoa, mavi ya kuku, shimo tulilofukia ndizi ziive, punje ya mahindi yenye ukubwa wa tundu la pua yake. Alikuwa akikwangua udongo wa ukuta na kuula kwa utulivu mkubwa, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Nilimtafutia vya kumpendeza. Kopo la maziwa nililotia vijiwe ndani lilimtuliza kwa muda wa kumenya viazi viwili. Mwiko ulimtuliza kwa kiazi kimoja. Siku moja nilimfunga kiunoni kwa kipande cha kitenge nikaunganisha na mguu wa benchi, nikaenda kuruka kamba na wenzangu. Bibi alikuja kumfungua, akaniita.

"Huyu atakupa maziwa?"

"Hapana, bibi."

"Basi si mbuzi. Mfuate."

Nikawa namfuata. Kutwa nzima nilikuwa nimeinama, mikono mbele, naye anakwenda mbele yangu kama kitu kilichotiwa ufunguo. Nikikaa, anakwenda. Nikisimama, ameshafika. Hata wakati wa kula nilikula nikiwa nusu nimeinuka.

Siku yenyewe ilikuwa ya manyunyu na ukungu, zile siku za Munanila ambazo mlima wa jirani hauonekani mpaka saa sita. Mama alikuwa shambani. Bibi alikuwa nyumba kubwa, anachambua kahawa dirishani penye mwanga. Mimi nilikuwa jikoni, chumba cha udongo kilichojitenga, chenye mafiga matatu na mlango mmoja tu. Maharage yalikuwa yameiva. Kazi yangu ilikuwa kuyaipua na kuyaweka nje, ili nibandike maji ya ugali kabla mama hajafika. Nestori nilimwacha kwenye mkeka chini ya upenu na kopo lake. Nilijua nina muda wa viazi viwili.

Niliishika sufuria kwa vipande viwili vya gunia, nikageuka. Mlango wa jiko ulikuwa na kizingiti cha gogo. Nilikuwa nimeshainua mguu wa kulia kukivuka ndipo nilipomwona, kupitia mvuke, chini kabisa ya sufuria: amelalia gogo kwa tumbo, nusu ndani nusu nje, anajaribu kulipanda. Mguu ulikuwa umeshatoka. Ukatua nje. Wa kushoto ukafuata. Mimi nilikuwa mzima, yeye alikuwa mzima, na hakuna tone lililomwagika.

Nimewasimulia watu kadhaa habari hii, na wote hunikatiza hapa: ungeweka sufuria chini. Ni kweli. Mtoto wa kwingine angeiweka sufuria chini. Mimi nilisikia sauti ya bibi: kabla hajasogea.

Nikageuka na sufuria mkononi. Nikatanguliza mguu wa kulia, kwa sababu ndio niliotoka nao. Nestori akasikia kitambaa kinapita juu ya kichwa chake, akainua mkono, akadaka pindo la sketi yangu, akavuta.

Kilichofuata kimebaki kwangu vipandevipande. Kelele yake. Kelele yangu. Joto juu ya mguu wangu. Nilipopata akili nilikuwa nimekaa juu ya gogo, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, na sufuria imebingirika mpaka kwenye majivu. Je, nilikuwa nimeshavuka ndipo nikaangukia nyuma? Au nilianguka kabla sijavuka? Hilo ndilo swali langu.

Bibi alikuja mbio. Sijawahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Alimnyakua Nestori, akamweka miguu juu ya beseni, akawa anammiminia maji ya mtungini, kata baada ya kata, mpaka mtungi ukabaki mtupu, kisha akanituma kisimani. Mchuzi ulikuwa umempata kwenye shavu la mguu wa kushoto kushuka mpaka kisigino. Jirani mmoja alifika na dawa ya meno, ameshafungua kifuniko.

"Mpake hii, mama, inapoza."

"Oya, hapana," bibi akasema bila kugeuka. "Kasugulie meno yako. Huyu anataka maji."

Halafu akaniuliza mimi. "Imekuwaje?"

"Alivuta sufuria," nikasema.

Haukuwa uongo kamili, na ndiyo maana ulikaa vizuri mdomoni. Mama alipofika niliurudia, na safari hii ulikuwa umekomaa. Alimfunga Nestori kifuani na kwenda naye zahanati kwa miguu, manyunyu yanawapiga. Mimi nilibaki nikiokota maharage punje kwa punje kwenye majivu. Niliyaosha mara tatu. Tuliyala jioni ileile, na hakuna aliyesema kitu kuhusu ladha.

Kidonda kilipona. Nesi alikuwa amesema ni cha juujuu, na kweli baada ya wiki chache ngozi mpya ilikuja, nyembamba kama ganda la kitunguu. Lakini Nestori hakutambaa tena. Ulipomweka, hapo ulimkuta. Alikaa kwenye mkeka na mikono mapajani kama mzee wa baraza, anatazama kuku wakipita, wala hakuwafuata. Wageni walimsifu. "Mtoto gani huyu ametulia hivi, mmebahatika!" Mama aliwajibu, "Tunamshukuru Mungu," na alipogeuka nilikuwa nauona uso wake. Kwa kuogopa jiko alianza kumbeba kwenda naye shambani, analima naye mgongoni tangu asubuhi, mpaka jioni akawa anashika kiuno na kuketi kwa awamu mbili.

Mimi ndiye niliyejua kwa nini hatambai. Angalau nilidhani najua. Lakini nilijua nusu tu, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyokuwa inanifukuza huku na huku. Kama siku ile sikumaliza kuvuka, basi Nestori alirukwa mara moja na amefungwa, nami napaswa kumruka mara moja zaidi ili nimfungue. Ila kama nilimaliza kuvuka, alikuwa ameshafunguliwa, na nikimruka sasa nitakuwa nimemfunga upya kwa mguu wangu mwenyewe. Na kama ni kidonda tu kinachomtia woga? Na kama alisogea kabla? Nilikwenda kisimani nikiwaza nikafika bila ndoo. Kanisani niliomba, lakini hata sala yangu haikujua iombe nini: nimruke au nisimruke.

Kuna mchana mmoja mgongo ulimzidi mama, akamwacha Nestori kwa bibi. Alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya upenu. Nikasimama pembeni yake. Nikainua mguu. Nikaurudisha. Nikauinua tena, nikaubakiza hewani, jasho linanitoka na baridi yote ile.

"Mke mwenzangu," sauti ya bibi ilitoka mlangoni, "unampima ngozi ya kuwambia ngoma?"

Nikashusha mguu.

"Au umekuwa korongo? Korongo nao husimama hivyo, lakini wao huwa wanamtafuta chura."

Sikuweza kucheka. Nililia kwanza, kisha nikasema, na nilipoanza kusema sikuweza kuacha: gogo, mguu wa kulia, wa kushoto, kurudi, sketi. Bibi alinisikiliza akiwa amesimama. Alipoona nimefika mwisho aliingia ndani akatoka na boga.

"Huyu ndiye Nestori," akasema, akaliweka juu ya kizingiti cha jiko. "Chukua sufuria tupu. Nionyeshe."

Nilimwonyesha. Alichuchumaa kando ya boga akawa mkono wa Nestori. Nilipopita kurudi alidaka sketi yangu na kuivuta. Nikaangukia nje. Tukaanza upya. Nikaangukia ndani. Mara ya tatu boga lilibingirika, nikaliangukia, na sote wawili tukacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha bibi akaacha kucheka. Alikaa juu ya gogo, akalipakata boga.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "hujui kweli."

"Sijui, bibi."

Mama alitukuta hivyo, jembe begani. Alitazama sufuria, akamtazama bibi.

"Mnafanya nini na boga langu?"

Bibi ndiye aliyemweleza. Alieleza yote, hakunificha na hakunipamba. Nilisubiri kipigo. Mama alishusha jembe polepole, akaniuliza, "Sufuria ilikuwa mkononi? Kwenda na kurudi?"

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa umeshavuka salama. Kwa nini hukuiweka chini?"

"Bibi alisema kabla hajasogea."

Wakanyamaza wote. Mama alimtazama mama yake. Bibi alitazama mikono yake juu ya boga.

"Nilisema hivyo," bibi akasema. "Habari ya sufuria sikuisema."

"Hukuisema, mama."

"Sikuisema."

Nimeurudia ukimya ule mara nyingi kuliko mruko wenyewe. Mama angeweza kusema mengi. Alikuwa mwimbaji wa kwaya. Nilikuwa nimeshamsikia akisema kwamba habari za kurukana ni mambo ya zamani ambayo Mkristo hayategemei. Angeweza kumlaumu bibi kwa mguu wa mwanawe, na nadhani bibi alikuwa anangoja alaumiwe. Badala yake aliniuliza mimi swali ambalo limenifanya nimpende kwa namna nyingine.

"Kwa hiyo wiki zote hizi ulikuwa huogopi kwamba umemuunguza? Uliogopa kwamba umemruka?"

Nilifikiri, nikasema ndiyo. Kuungua kulionekana. Nesi aliliona jeraha, akalifunga bandeji. Hakuna mtu ambaye angeweza kufunga bandeji kwenye kurukwa.

Mama akavuta pumzi. Kisha akamgeukia bibi, na kwa sauti ya chini, kana kwamba kwaya nzima iko nyuma ya ukuta, akauliza: "Sasa, mama. Amefungwa, au hajafungwa?"

Leo Nestori ni dereva wa bodaboda Kasulu, ana mke na watoto wawili, na ndiye mfupi kuliko sisi wote. Nikimpigia simu huniambia, "Dada, zile sentimita zangu bado unazo wewe, nirudishie." Anacheka, nami nacheka, na baada ya kukata simu nakaa kidogo. Wapo watakaosema ni damu ya upande wa baba, ambao nao si warefu. Wapo watakaosema mengine. Sina haja ya kushindana na yeyote. Ninaloliona ni kwamba aliyeweka sharti la kutomruka mtoto huenda alikuwa mama mwenye chungu cha moto mikononi na mtoto miguuni, akatafuta neno la kutisha kiasi cha kutosha ili watoto wenye miaka tisa walishike. Neno likasafiri, likavuka mpaka, likarithiwa. Chungu kilibaki njiani. Bibi alinipa alichopewa, kwa upendo wote, na upungufu wake haukuonekana mpaka ulipomwagika. Sijui mimi ninawapa wanangu nini kilichopungua hivyo hivyo. Ndiyo maana juzi sikutoka nyuma ya pazia kumkaripia yule binti. Nilitoka baadaye, nikamuuliza kama huwa anabeba chai ya moto mtoto akiwa chini, tukazungumza.

Lakini mchana ule wa boga swali la mama lilikuwa limesimama. Bibi alilipeleka boga pembeni kwanza.

"Hatujui," akasema. "Na kama hatujui, mguu wa mtu usipite tena juu yake, si wa huyu wala wa mwingine. Aliyerukwa ndiye avuke. Lala chini, mke mwenzangu."

"Mimi?"

"Kwani nani alikuwa korongo?"

Mama naye akatoa lake, na lilikuwa na ukali wote aliokuwa ameuzuia. "Na kuanzia leo hakuna kinachoipuliwa mtoto akiwa chini. Awe mgongoni mwa mtu, au chakula kiungue."

"Kiungue?" bibi akauliza.

"Kiungue. Tutakula cha kuungua."

Bibi akaitika kwa kichwa, na mambo yakaishia hapo. Chakula kiliungua mara mbili mwezi ule na tulikila. Mchana uleule nikajilaza chali kwenye mkeka. Nestori alikuwa ameamka, hajanyonya tangu asubuhi. Bibi alimweka upande wangu wa kulia, mama akaketi upande wa kushoto, akafungua vifungo vya blauzi, akamwita mara moja tu. Niliambiwa nisicheke, nisimshike, nisimsaidie.

Alimtazama mama. Akanitazama mimi, mlima uliolala katikati. Akalia kidogo, apime kama kilio kinatosha. Hakikutosha. Nilikuwa nimefumba macho nilipousikia mkono wake tumboni, kisha wa pili, kisha kitambo kirefu bila kitu, mpaka nikataka kuinuka. Halafu goti likapanda mbavuni kwangu, na nyuma yake ule mguu wenye ngozi mpya ukasukuma.

Walioamua ni bibi na mama. Aliyevuka ni Nestori, polepole, akinikanyaga shingo njiani, akaenda kunyonya.